Simu Inayozunguka Ukuta

Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja, tena umejengwa kwa hasira. Siku Bi Waya na mumewe walipoachana waligawana kila kitu: seva moja kwako, moja kwangu; feni chukua wewe, birika nachukua mimi; wateja wa sokoni wangu, wa stendi wako. Kikabaki chumba, na chumba hakigawanyiki kwa mdomo. Wakamwita mwashi ajenge ukuta katikati, kila mmoja akasimama upande wake kuhakikisha mwenzake hasogezi kamba. Mwashi alisema baadaye kwamba amefanya kazi hata makaburini, lakini hajawahi kukuta kimya cha namna ile.

Hivyo ndivyo kampuni moja ndogo ya simu za intaneti ilivyozaa mbili, juu ya tanuri la mikate, kwenye ghorofa ambayo sakafu yake hupata moto kabla ya kuku kuamka. Bi Waya aliwahudumia wauza nafaka, mafundi cherehani na maduka ya dawa. Yule wa upande wa pili, ambaye mji mzima ulimwita Taratibu kwa sababu zinazojulikana na kila aliyewahi kumsubiri, alichukua madereva wa malori, gereji na shule.

Sasa sikia upuuzi huu. Muuza mahindi wa Bi Waya akimpigia dereva wa Taratibu, simu iliingia chumbani kwa Bi Waya, ikashuka ngazi, ikavuka mji mzima mpaka kwenye jengo la vioo la kampuni kubwa ya simu, ikapiga hodi, ikatozwa ushuru, ikasubirishwa, kisha ikageuza, ikavuka mji tena, ikapanda ngazi zilezile na kuingia chumba cha pili. Kufikia hapo sauti imechoka kama mtu aliyetoka safari ya miguu. Magunia mangapi? Nani? Nini? Na kati ya pale simu ilipotokea na pale ilipofikia, pana tofali moja.

Hiyo kampuni kubwa watu waliiita Baba Lao. Ilijiita kwa jina refu la kiheshima, lakini jina refu halimfichi mwizi. Bi Waya alikuwa na kisa nayo cha tangu utoto. Babake aliomba laini ya simu enzi zile simu ilikuwa nguzo na nyaya, akaambiwa asubiri. Akasubiri mpaka meno yakamtoka. Nguzo ilikuja kupandwa mbele ya nyumba wiki ya pili baada ya mazishi yake, na waliokuja kuipanda wakaomba maji ya kunywa. Msichana aliyewapelekea maji ni Bi Waya. Watu husahau matusi, husahau hata makofi, lakini maji yale mpaka leo hayajamshuka.

Kwa hiyo Jumatatu ile, mtu wa Baba Lao alipoingia bila kubisha na kukaa kwenye kiti kama aliyekilipia, Bi Waya hakumkaribisha chochote. Alikuwa afisa uhusiano, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka likakata tamaa, naye alitabasamu muda wote, hata akikohoa. Bi Waya alikuwa ameshampa jina kimoyomoyo: Bwana Tabasamu.

Bwana Tabasamu alieleza kwa upole wa mtu anayemvua mwenzake viatu. Alisema Baba Lao anapanga nyumba yake upya. Kuanzia Ijumaa saa sita mchana, mitandao midogo haitaruhusiwa tena kupita kwenye mlango wake. Aliyetaka kuendelea atie sahihi hapa na hapa: wateja wake, namba zake na swichi yake, ile mashine inayoelekeza simu, vinakuwa mali ya Baba Lao, na yeye mwenyewe anapewa cheo cha wakala, pamoja na fulana yenye nembo. Asiyetaka, sawa, nchi ni huru. Wateja wake watabaki wakipigiana wao kwa wao kama watoto wenye makopo na uzi.

Kisha, akiwa ameshasimama, akasema kama aliyekumbuka jambo dogo kwamba jirani ameshasaini. Jana.

Bi Waya alibaki akiitazama ile karatasi. Hakuwa na kiwanja wala shamba. Alikuwa na swichi ile aliyojifundisha mwenyewe kwa kuifungua na kuifunga, na watu walioiamini. Ikikatwa Ijumaa, Jumamosi wangehama, na ni haki yao. Muuza dawa hawezi kula uaminifu. Yeye angerudi kule alikoanzia, kukarabati redio za watu barazani. Au angevaa fulana ya watu waliompandia babake nguzo ya kumwombolezea. Na peke yake hakuwa na ubavu. Kama Taratibu kweli amesaini, basi imekwisha.

Lakini neno lile lilimkwama. Jana? Taratibu?

Miaka yote aliyoishi na mtu huyu, Bi Waya alijifunza mambo matatu juu yake, na mawili si ya kusimulia mbele za watu. La tatu ni kwamba Taratibu hasaini. Fomu ya mita ya maji aliisoma mezani, akaisoma dirishani, akaiweka chini ya godoro wiki nzima iive, ndipo akaanza kutafuta kalamu anayoiamini, na kaya ikateka maji kwa jirani. Hata hati ya talaka aliisaini kwa mafungu, jina la kwanza kabla ya kula na la pili baada ya kula. Mtu huyo atoe wateja wake wote kwa siku moja, tena Jumapili? Bwana Tabasamu alikuwa amesoma uhusiano wote duniani isipokuwa huu mmoja.

Bi Waya akafanya alichozoea kufanya akitaka neno kutoka upande wa pili: akampigia binti yao. Binti alikuwa mkunga, na zahanati yake ilikuwa ng'ambo ya soko. Tangu ukuta usimame ndiye aliyekuwa akibeba maneno, mwambie baba yako hivi, mwambie mama yako vile. Safari hii alikuwa na mgonjwa, na subira ilikuwa imemwisha.

"Mama, mimi si mshenga wenu," alisema. "Mlishaoana na mlishaachana. Kama una swali, mlango wake uko hatua tatu kutoka kwako."

Akakata. Bi Waya akajifunga khanga vizuri, akatoka kwenye ujia, akapiga hodi.

Taratibu alifungua akiwa na miwani juu ya paji la uso na mkono mmoja ukiitafuta mfukoni. Wakatazamana. Mara ya mwisho walisemezana juu ya nani amemwagia nani maji ya deki.

"Nimekuja kumwona mtu aliyesaini jana," alisema Bi Waya.

"Aliyesaini ni wewe. Nimeambiwa ulisaini Jumamosi, ukilia."

"Nikifanya nini?"

"Ukilia. Kasema mpaka ukaazima leso."

Kusaini angevumilia kusingiziwa. Lile la leso lilimpanda kichwani. Akaingia bila kukaribishwa, na hapo mezani akaiona karatasi ya Taratibu, pacha wa ile yake, na sehemu ya sahihi ni nyeupe kama unga. Taratibu akaeleza kwamba hajaikataa wala hajaikubali. Alikuwa bado ukurasa wa pili, na pana neno kwenye mstari wa tatu ambalo hakulipenda.

Basi hiyo ndiyo siasa yote ya Baba Lao, tangu enzi za nguzo mpaka leo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wawili hawasemeshani, wa tatu anabeba maneno yao, anayaongezea chumvi, na pande zote mbili zinamlipa nauli. Bi Waya alilisema hilo kwa sauti na kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa, na Taratibu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akatikisa kichwa kukubali bila kuomba muda wa kufikiri.

Dawa waliijua wote wawili. Walikuwa wakiijua siku zote, ila kila mmoja alingoja mwenzake aiseme kwanza. Mitandao miwili ya simu za intaneti haihitaji ruhusa ya mfalme ili isalimiane. Unachukua kebo, upande mmoja unaingiza kwangu, upande wa pili unaingiza kwako, tunaziambia swichi zetu zijuane, na muuza mahindi anaongea na dereva bila kwenda mjini kulipa ushuru. Baba Lao akifunga mlango wake, sisi tuna wetu. Na wakiwa wawili wameungana, sokoni kote na stendi kote, si rahisi kuwafuta kama chaki. Ilitakiwa kebo fupi kuliko kamba ya kuanikia nguo. Na tundu.

Juu ya tundu wakagombana mpaka saa tisa. Taratibu alitaka lipimwe, lisije likapita kwenye nyaya za umeme. Halafu akauliza vumbi litaangukia upande wa nani. Halafu akaenda kutafuta penseli. Alikuwa bado anaitafuta aliposikia drili ikilia upande wa pili, na ncha yake ikatokea ukutani sentimita chache kutoka kwenye kalenda yake.

"Limeangukia kwako," ilisema sauti ya Bi Waya tunduni.

Kesho yake wakaunganisha. Na hapa ndipo walipofanya kosa ambalo fundi mwingine yeyote asingelifanya. Desturi ya kazi hii ni moja: mitandao ikishikana mikono, kila mmoja humpa mwenzake namba za wateja wake, ili simu ijue ibishe wapi. Ni adabu tu, kama kumwonyesha mgeni choo. Lakini hawa walikuwa na kiburi cha watu waliowahi kulalia mto mmoja. Bi Waya alisema haambiwi wateja wa Taratibu ni kina nani, anawajua wote kwa sura na kwa madeni, nusu yao aliwatafuta yeye. Taratibu akasema na yeye vilevile. Kwa hiyo kila mmoja akaifundisha swichi yake kwa kichwa: hawa hapa wangu, na wale ni wa yule, wapitishe tunduni.

Mwanzoni mambo yalikwenda uzuri wa kutisha. Muuza mahindi alimpigia dereva, na dereva akasikika akiuliza kwa nini anapigiwa simu na mtu aliyesimama nyuma yake. Akageuka kweli, wote wawili walimsikia akigeuka. Bi Waya alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema huyu binti yao mkaidi lazima asikie, akabonyeza namba ya zahanati.

Kimya. Haikulia wala haikukataa. Akatazama kwenye skrini na kuona kitu ambacho hakuwahi kukiona: namba ya binti yake imetoka kwake ikapita tunduni, ikarudi, ikapita tena, ikarudi. Simu ya intaneti hupewa hatua sabini za kuishi, ili ikipotea isitangetange mpaka kiama. Hatua zikiisha inajifia. Lakini kila hatua inakalia nafasi, na nafasi za watu wadogo ni chache. Wateja wengine wakaanza kusikia mlio wa laini kujaa. Mwoka mikate akapaza sauti kutoka chini kwamba simu yake imekufa. Taratibu, ili kuona tatizo liko wapi, akaipiga namba ileile kutoka upande wake, na sasa zikawa mbili zinazopishana tunduni kama wanene wawili kwenye ngazi nyembamba.

"Mbona mtoto unamrudisha?" Bi Waya aliuliza, mdomo kwenye tundu.

"Mimi? Wewe ndiye unamrudisha. Yuko kwako."

"Si alihamia kwako?"

"Aliniambia amehamia kwako. Tena nilinuna mwezi mzima."

Bi Waya naye alikuwa amenuna, tena zaidi ya mwezi. Alikumbuka alivyoifuta namba ya mwanawe kwenye swichi yake kwa kidole kimoja, kama mtu anayefuta kamasi za mtoto wa jirani. Kwa hiyo Bi Waya alimwandika binti kwa baba, Taratibu alimwandika kwa mama, na swichi, ambazo hazina ubongo wala aibu, zilifuata walichoambiwa. Yule si wangu, kaulize kwa mwenzangu. Zamani kosa hilo halikuonekana, kwa sababu simu yoyote isiyo ya kwao waliitupa kwa Baba Lao, na Baba Lao akaifikisha.

Wakashuka wote wawili kwa mwoka mikate kuazima simu yake ya mkononi. Binti alisikiliza kisa chote, wakisimulia kwa kukatizana. Halafu akacheka, kicheko ambacho Bi Waya hakukipenda.

"Mimi niko kwa Baba Lao," alisema. "Miaka sasa. Kila mmoja wenu nilimwambia niko kwa mwenzake, nikapata amani."

Mwoka mikate akajifanya anapanga mikate.

"Mwanangu," alisema Bi Waya, "kwa watu waliomfanya babu yako azikwe akisubiri?"

"Kwa watu wanaofikisha simu, mama. Mwenye uchungu hawezi kungoja mpatane nani anisajili. Na hiyo simu yenu inayozunguka, mimi naijua. Utotoni nikitaka viatu vya shule, kamuulize baba yako. Nikienda kwa baba, kamuulize mama yako. Hiyo yenu angalau ikichoka inaruhusiwa kufa."

Walipanda ngazi. Kila mmoja akaenda upande wake, akaifuta namba ya binti pale alipokuwa ameiandika, ikarudi kupita njia ya zamani ya Baba Lao. Siku ile tundu halikupitisha neno tena, ingawa kebo ilifanya kazi mpaka jioni.

Bwana Tabasamu alirudi Alhamisi kuchukua sahihi. Safari hii Bi Waya alimkaribisha kiti. Juu ya meza, karibu na kikombe, mkono wa simu ulikuwa umelazwa ubavu kama umesahauliwa, na laini yake ilikuwa wazi, inapita tunduni mpaka kwenye simu ya spika iliyo mezani kwa Taratibu. Bi Waya akajifanya mnyonge. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, jirani alisema nini siku aliyosaini.

Ukimpa mwongo kiti, atakupa hadithi. Bwana Tabasamu alisema jirani alisaini kwa furaha, akasema afadhali kuwa wakala wa kampuni kubwa kuliko mshindani wa mwanamke mkaidi. Akaongeza, kwa kuwa mambo yalikuwa yanamnyookea, kwamba jirani alisema bila yeye Bi Waya asingejua hata kuwasha redio.

Upande wa pili wa ukuta, kitu kama kikombe kilianguka.

Bi Waya akamwambia kwa unyenyekevu aende kwanza kwa jirani, yeye anatafuta kalamu. Bwana Tabasamu akatoka kwa hatua za mshindi, akaingia mlango wa pili, na Bi Waya akaunyanyua ule mkono wa simu kimyakimya akauweka sikioni. Alimsikia akivuta kiti. Alimsikia akishusha pumzi kwa huzuni ya kukodi, akisema mama wa watu ametia sahihi dakika hii hii, inasikitisha, ukimwona, analia.

"Silii," ilisema spika.

Bwana Tabasamu akatazama juu, kisha chini ya meza. Taratibu akaisogeza spika karibu naye, polepole, kama anayemsogezea mgeni sahani.

"Na hata ningelia," spika iliendelea, "nisingelia mbele ya shati kama hilo."

Taratibu akavua miwani akaifuta. Akamwambia Bwana Tabasamu kwamba ana jambo moja tu la kusahihisha. "Hilo la redio ni kweli nililisema," alisema. "Lakini nililisema zamani, na sikukuambia wewe. Sasa sijui unalijuaje, na umeniharibia wiki."

Tabasamu liliondoka usoni kwa mafungu, kona moja kwanza. Alisimama, akakusanya karatasi zake tupu, akawaambia wote wawili, yule wa mbele yake na yule wa kwenye spika, kwamba Ijumaa saa sita ni Ijumaa saa sita. Walimsikia akishuka ngazi akikosea daraja la mwisho.

Na Ijumaa saa sita ilikuwa Ijumaa saa sita. Bi Waya aliitazama njia ya Baba Lao ikigeuka nyekundu kwenye skrini yake. Soko liliendelea kuongea na stendi, simu zikipita tunduni safi kama maji ya chujio, lakini mji uliobaki, ule wa kwa Baba Lao, ulikuwa umenyamaza kama umehama. Saa saba fundi cherehani akapanda ngazi akihema. Alisema kwa heshima zote kwamba mwenye nguo ya harusi hawezi kumpata, na kwamba atavumilia mpaka kesho asubuhi, kesho asubuhi tu. Baada yake akaja wa duka la dawa na neno lilelile. Bi Waya aliwaambia wasubiri. Alipojisikia akitamka neno hilo, subirini, alitaka kujipiga kofi. Ndilo neno alilopewa babake.

Akatoa karatasi ya Bwana Tabasamu kwenye droo. Hakuisoma. Aliitazama tu. Tunduni Taratibu akauliza anafanya nini, akajibiwa hafanyi kitu, na Taratibu, aliyemjua, akasema asiishike kalamu, kuna jambo ameliona ukurasa wa nne.

Kabla hajalisema, binti yao akaingia. Alikuwa na koti lake la kazi na uso wa kuuma mtu. Mume wa mgonjwa wake mmoja, dereva wa kwa Taratibu, alikuwa amepiga simu zahanati tangu saa sita bila kumpata, akaacha lori barabarani akaja mbio kwa miguu. Wa pili, muuza maharage wa kwa Bi Waya, alikuwa ameletwa na mkokoteni. Bi Waya akaanza kujitetea, kwamba si sisi, ni wao. Binti akasema anajua ni nani. Alitaka kujua jambo moja tu: ile ofisi ya vioo inafungwa saa ngapi.

Ukumbi wa wateja wa Baba Lao ulikuwa na marumaru, kiyoyozi na viti vya bluu. Bi Waya aliingia nyuma ya binti yake akakaa pembeni, mara ya kwanza maishani kukanyaga mle. Nyuma yao wakaingia wajawazito. Si wawili, si watatu. Kliniki yote ya Ijumaa, wakitembea kwa ule mwendo wao wa kuegemea nyuma, kila mmoja akachukua tiketi yake ya foleni na kukaa kwa kishindo. Viti vikaisha. Wakakaa kwenye ngazi. Mteja wa kawaida akiingia anaona bahari ya matumbo, anageuza.

Binti akaenda dirishani. Alisema yeye ni mteja wa kampuni hii, wa miaka, hajawahi kuchelewesha malipo, na tangu saa sita wagonjwa wake hawampati. Kwa kuwa hawezi kupigiwa simu, amehamishia zahanati hapa, ili iwe rahisi. Karani akamwita mkubwa wake, na mkubwa akamwita mkubwa wake. Bwana Tabasamu alichungulia mlangoni, akamwona Bi Waya, akafunga mlango. Wanawake wakaitwa mmoja mmoja kwa tiketi, na kila mmoja akaeleza shida ileile tangu mwanzo, bila kuruka neno, kama wimbo wa shule.

Halafu mmoja, mnene, wa kiti cha mbele, akashika kiuno na kuguna. Mguno mrefu, wa kutoka chini kabisa. Mkunga akainuka, akakunja mikono ya koti, akaomba kwa sauti ya kawaida maji ya moto na mtu wa kushika taa, na akauliza haya marumaru yameoshwa kwa sabuni gani. Meneja, mama mtu mzima aliyekuwa ameshuka kutoka ghorofa ya juu, akaangalia sakafu yake. Akatoa simu na kusema maneno manne: fungueni, fungueni sasa hivi.

Kama uchungu ule ulikuwa wa kweli, Bi Waya hakuwahi kuambiwa. Ila yule mama mnene alitoka nje kwa miguu yake, na ukumbini alikuwa ameacha maganda ya karanga.

Wiki iliyofuata Baba Lao alituma watu wengine, wasiotabasamu, na karatasi nyingine. Hii haikutaja fulana. Ilisema mitandao mitatu itaunganishwa moja kwa moja, kila mmoja mwenye mali yake, na asifungiwe mtu mlango bila wote kukubaliana. Bi Waya alisaini. Taratibu alichukua siku sita, na watu wa Baba Lao waliambiwa wasubiri, wakasubiri kwenye ngazi, kwenye joto la mikate. Waliomba maji ya kunywa. Bi Waya akawaonyesha bomba lilipo.

Akabaki binti. Baba yake alimwambia sasa arudi kwake, njia ni safi. Mama yake akamwambia arudi kwake, ni safi zaidi. Binti alikuwa anakula mkate wa moto akiwa amesimama kwenye ujia, kati ya milango miwili.

"Si mmeshaungana?" alisema. "Nikiwa kwa nani kuna tofauti gani? Simu itafika."

Akafuta makombo, akaenda kazini.

Njia mpya haikuwa kama ya zamani, ya kutupa kila usichokijua kwa mkubwa. Sasa kila swichi ilitaka kuambiwa wazi nani yuko wapi. Bi Waya akaketi. Aliandika namba ya zahanati vizuri, akaikagua tarakimu baada ya tarakimu. Kwenye nafasi ya kusema mwenye namba hii ni wa nani, kidole kikasita. Alikuwa ameshaandika maelfu ya mistari kwenye mashine ile, mingine akiwa na homa, na hakuna uliowahi kuwa mzito hivi. Upande wa pili wa ukuta alisikia vibonye vya Taratibu vikigonga kimoja, kisha kimya, kisha kimoja.

Akaandika: Baba Lao. Akabonyeza, akapiga ili ahakikishe, na simu ikaita mara moja tu.

"Zahanati," ilisema sauti ya mwanawe, safi, kama yuko mlangoni. "Nani mwenzangu?"